Kuwasha taa ya tyubu kwa betri ya volti 12: osileta ya transista moja kwa nyumba za Lamu

Taa ya tyubu haiwaki kwa volti 12 peke yake, hata betri iwe ya lori. Gesi iliyomo ndani haipitishi umeme mpaka ipigwe volti mia kadhaa. Ikishashika inatosheka na hamsini au sitini, na hapo tatizo linageuka: isipozuiwa itavuta mkondo mpaka iue kilichoiwasha. Sakiti tunayoieleza inafanya kazi zote mbili kwa transista moja na koili moja. Transista inafungulia na kukata umeme wa betri mara elfu ishirini hivi kwa sekunde, na ndiyo maana sakiti inaitwa osileta. Kila inapokata, nguvu iliyokuwa imejikusanya kwenye koili inarukia upande wa pili ikiwa na volti za juu. Na kwa kuwa kila mruko una kiasi chake cha nguvu, tyubu haipati zaidi ya inachogawiwa.

Tuseme kweli mapema. Ukiwa na pesa ya balbu ya LED ya volti 12 na dukani ipo, nunua. Balbu nzuri ya LED ya wati 5 inatoa mwanga kama wa tyubu ya wati 8, na haina cha kukupiga shoti. Sakiti hii ina maana kwa mwenye tyubu zilizotupwa. Tyubu nyingi hutupwa kwa sababu waya mwembamba wa ndani, kwenye ncha, umekatika, na hapa waya huo hauhitajiki kabisa. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba utengenezaji na biashara ya nje ya tyubu hizi viishe ifikapo 2027, kwa hiyo zilizobaki majumbani ndizo zitakazokuwepo.

Tyubu gani

Vipimo vya hapa vimepigwa kwa tyubu nyembamba ya wati 8, yenye urefu wa sentimita 29 na unene wa milimita 16, ile ya taa za dharura na taa za kuchaji za zamani. Ya wati 6 na ya wati 4 zinawaka bila kubadilisha kitu. Ya futi mbili, wati 18, nayo itawaka lakini kwa mwanga hafifu, unaotosha daka (ukumbi wa mlangoni) au ngazi, hautoshi kusomea. Tyubu iliyopindwa ya enaji seva ya wati 11 inafaa pia, mradi kilichoungua ni sakiti yake na kioo ni kizima. Ina nyaya nne. Sokota mbili za kila upande ziwe moja.

Tyubu iliyokuwa nyeusi tii kwenye ncha zote mbili ina maisha mafupi. Yenye unga mweupe wa maziwa ndani ya ncha imeingia hewa. Hiyo haitawaka kwa sakiti yoyote.

Vifaa

Transista ni TIP41C. Inavumilia volti 100 na ampea 6, na bei yake ni ndogo. 2N3055 inapatikana kirahisi kwenye amplifaya mbovu, lakini inavumilia volti 60 tu na ni nzito kukata, kwa hiyo inapata joto zaidi kwa kazi ileile. D882 usiijaribu: volti 30 zinapitwa siku ya kwanza.

Rezista mbili: omu 470 ya wati 1, na omu 22 ya nusu wati. Kapasita moja ya maikrofaradi 1 isiyo na chanya na hasi (ile bapa ya plastiki, volti 63 au zaidi), na moja ya maikrofaradi 1000, volti 25. Dayodi moja ya kasi aina ya FR107. Mara nyingi unaipata kwenye bodi ya chaja ya simu iliyokufa. Dayodi ya kawaida ya 1N4007 ni nzito kwa kasi hii. Fyuzi ya ampea 2 na kishikizi chake. Kipande cha alumini, unene wa milimita 2, ukubwa wa sentimita 5 kwa 7, cha kupozea transista.

Fimbo ya feraiti inatoka kwenye redio ya zamani yenye masafa ya kati, ile fimbo nyeusi iliyozungushiwa nyaya za nywele. Inatakiwa ya duara, kipenyo milimita 10, urefu sentimita 7 au 8. Ikiwa ndefu, ikate alama pande zote kwa msumeno wa chuma kisha uivunje juu ya ukingo wa meza. Inavunjika kama chaki. Usiifanyie haraka, ni moja tu ndani ya redio. Usitumie pete ya feraiti badala ya fimbo. Pete haina nafasi ya hewa, inajaa sumaku mapema, transista inachemka na mwanga hauji.

Waya wa shaba wenye vanishi: mita 15 za milimita 0.25, na mita 3 za milimita 0.6. Fundi anayezungushia mota na pampu upya atakuuzia kwa uzani, na kiasi hiki ni kidogo mno. Wa 0.25 uwe mpya. Waya uliofunguliwa kutoka transfoma iliyoungua una vanishi iliyopasuka, na volti za juu zitatafuta huo mpasuko.

Koili

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo toa jioni nzima. Kwenye fimbo moja kuna koili tatu: ya volti za juu, koili kuu inayobeba umeme wa betri, na ya kurudisha, inayorudisha umeme kidogo kwenye transista ili iendelee kufungua na kukata. Kila kitu kinazungushwa upande mmoja. Ukianza kwa kuzungusha kuelekea kwako, malizia koili zote tatu hivyohivyo, na kila mwanzo uuwekee alama ya rangi ya kucha au fundo la uzi. Bila alama utajikuta na nyaya sita zinazofanana.

Funga fimbo kwa tepu ya umeme, matabaka mawili. Feraiti yenyewe inapitisha umeme kidogo, na kona zake zinakwaruza vanishi.

Anza na koili ya volti za juu, waya wa 0.25, jumla raundi 350. Acha mkia wa sentimita 15, uvishe kifuko cha plastiki (gamba la waya wa simu linatosha), ubane kwa tepu. Zungusha raundi 120 zikilaliana bega kwa bega bila kupandana. Zitachukua sentimita tatu na nusu hivi. Funika kwa tepu raundi moja na nusu, tepu ipite ukingo wa nyaya kwa milimita tatu kila upande. Rudi juu yake na raundi 120 nyingine, tepu tena, kisha 110 za mwisho. Sababu ya tepu kati ya matabaka ni hii: mwanzo wa tabaka moja na mwisho wa lile lililo juu yake hukutana kwenye ukingo huohuo, na kati yao kuna theluthi mbili ya volti zote. Wakati wa kuwasha hiyo ni zaidi ya volti 250 juu ya vanishi isiyozidi unene wa unywele. Ukiruka tepu, taa itawaka wiki moja, kisha utasikia mchirizo mdogo ndani ya koili na harufu ya vanishi, na basi.

Raundi zikipungua tano au kumi si neno. Kilicho muhimu ni zisipandane hovyo, raundi ya kwanza ikalala juu ya ya mia.

Juu ya hiyo weka tepu matabaka matatu. Kisha koili kuu, waya wa 0.6, raundi 50 kwa tabaka moja. Tepu. Mwisho koili ya kurudisha, waya wa 0.25, raundi 12, katikati ya fimbo. Paka vanishi ya mbao koili nzima, iache ikauke usiku kucha, upake mara ya pili.

Kuunganisha

Shika TIP41C maandishi yakikutazama na miguu ikiwa chini: kushoto ni besi, katikati kolekta, kulia emita. Bati lake la mgongo limeungana na kolekta, kwa hiyo alumini ya kupozea itakuwa na umeme. Isiguse boksi la chuma wala waya wa hasi.

Chanya ya betri ipite kwenye fyuzi kwanza. Baada ya fyuzi, iende kwenye mwanzo wa koili kuu. Mwisho wa koili kuu uende kolekta. Emita iende hasi. Kapasita ya 1000 ikae kati ya chanya na hasi, sentimita chache tu kutoka kwa transista. Ukiiweka mbali na karibu na betri haisaidii, maana kazi yake ni kulisha mapigo ya haraka ambayo nyaya ndefu haziwezi.

Mwanzo wa koili ya kurudisha uungane na rezista ya omu 22, na upande wa pili wa rezista hiyo uende besi. Mwisho wa koili ya kurudisha una vitu viwili: rezista ya omu 470 inayopanda kwenye chanya, na kapasita ya maikrofaradi 1 inayoshuka kwenye hasi. Dayodi ikae kati ya besi na emita, mstari wake ukiangalia besi. Wengi huiacha, na sakiti inafanya kazi. Ila kila unapowasha, koili ya kurudisha inaipiga besi kinyume kwa volti zaidi ya kumi, wakati transista hii imetengenezwa kuvumilia tano. Haifi papo hapo. Inadhoofika pole pole, na mwenye nyumba anadhani ni betri.

Koili ya volti za juu: mwisho wake, ambao uko jirani na koili kuu, uunganishe na hasi na uupeleke ncha moja ya tyubu. Mwanzo wake, ulio ndani kabisa, uende ncha nyingine. Kila ncha ya tyubu ina pini mbili, zifunge pamoja. Nyaya hizi zisizidi sentimita 30. Kama betri iko chini dakani na taa iko juu kwenye boriti, bodi ikae juu na taa, uteremshe waya wa volti 12. Waya mrefu wa volti za juu unameza nguvu njiani na kunguruma kwenye redio za jirani.

Kuwasha mara ya kwanza

Usiunge betri moja kwa moja. Tia balbu ya indiketa ya pikipiki, volti 12 wati 10, ndani ya waya wa chanya, ili mkondo wote upitie humo. Hakikisha tyubu imeshaungwa. Sakiti hii haiwashwi bila tyubu, kwa sababu nguvu ya kila mruko ikikosa pa kwenda inairudia transista na kuipasua.

Ukiunga, mambo matatu yanaweza kutokea. Tyubu ikiwaka, hata kwa unyonge, na balbu ikawa nyekundu tu, mambo ni mazuri, toa balbu. Balbu iking'aa sana na tyubu ikawa giza, koili ya kurudisha imegeuka: badilisha ncha zake mbili. Hilo ndilo kosa la sakiti saba katika kumi. Balbu na tyubu zote zikiwa kimya, angalia fyuzi, kisha kama ulikwangua vanishi kwenye ncha za waya kabla ya kulehemu. Risasi inaweza kukaa juu ya vanishi ikang'aa vizuri bila kuigusa shaba.

Balbu ikishatoka, pima ampea kwenye waya wa chanya kwa mita yako, kwenye tundu la ampea 10. Itegemee kuwa kati ya 0.4 na 0.7. Ikizidi 0.8 na transista haishikiki kwa kidole baada ya dakika tano (zima kwanza ndipo uguse), ongeza rezista ya besi kutoka omu 22 hadi 33 au 47. Mwanga utapungua kidogo, betri itadumu. Ukitaka mwanga zaidi shuka hadi omu 15, ukiongeza ukubwa wa alumini mara mbili.

Usipime upande wa tyubu kwa mita ya kawaida. Mita hizo hazikutengenezwa kwa umeme wa kasi hii, na zinaungua. Na usiguse pini za tyubu ikiwa imewashwa. Ni volti mia kadhaa, na kwa kasi hii zinaunguza ngozi doa dogo lenye kina hata kama hukuhisi mshtuko. Funika ncha zote kwa kifuko cha plastiki kabla ya kuipandisha, hasa nyumba ikiwa na watoto.

Mambo yanayosumbua baadaye

Mluzi mwembamba masikioni maana yake osileta inakwenda polepole, chini ya mara elfu kumi na tano kwa sekunde. Mara nyingi fimbo ni nene kuliko milimita 10 au raundi za koili kuu zimezidi. Punguza raundi tano tano. Ukipunguza sana, chini ya 35, transista haitawahi kukata sawasawa na itapata joto.

Taa inayopepesa kama inayopumua, mara mbili tatu kwa sekunde, kwa kawaida ina kapasita kubwa mno kwenye koili ya kurudisha, au betri imechoka. Jaribu betri nyingine kwanza.

Ncha moja ya tyubu ikianza kufifia baada ya wiki kadhaa huku nyingine inang'aa, tyubu si mbovu. Umeme wa sakiti hii haulingani pande zote mbili: msukumo wa upande mmoja una nguvu kuliko wa kurudi, na zebaki inahamia upande mmoja. Igeuze tyubu, kulia iwe kushoto, na uizoeshe hivyo kila mwezi. Weusi kwenye ncha nao utakuja mapema kuliko kwenye taa ya stima, kwa kuwa tyubu inawashwa ikiwa baridi na kila kuwasha kunakwangua chuma kilichomo ndani. Kuiwasha magharibi na kuizima usiku mara moja ni bora kuliko kubonyeza swichi kila anayepita.

Halafu kuna jambo la pwani hasa. Wakati wa kusi na mvua za mwaka, taa iliyokuwa ikiwaka vizuri inagoma, na ukiipitishia kidole kwenye kioo inawaka. Sakiti haina kosa. Unyevu wenye chumvi umetanda kama ngozi juu ya kioo, unavuruga umeme unaojipanga kandokando ya tyubu kabla haijashika, na volti ya kuwashia inapanda. Ifute kwa kitambaa chenye maji baridi ya kunywa (maji ya kisima cha chumvi yanaongeza tatizo), ikaushe, kisha uisugue kwa nta kidogo ya kung'arishia samani. Maji yatajikusanya vitonevitone badala ya kutanda. Msaada mwingine wa kudumu: tandika ukanda wa karatasi ya alumini, upana wa sentimita moja, nyuma ya tyubu kwa urefu wake wote, ukikoma sentimita tatu kabla ya ncha yenye volti, na uuunganishe na hasi. Tyubu iliyokaa milimita tano mbali na ukanda huo inashika kwa volti ndogo zaidi.

Chumvi hiyohiyo ndiyo inayoua bodi. Baada ya kulehemu, sugua mabaki ya dawa ya risasi kwa spiriti na mswaki mkuukuu, kwani yakibaki yanavuta unyevu na shaba inaota ukungu wa kijani. Kisha vanishi mara mbili, pande zote za bodi, isipokuwa mahali alumini inapogusana na transista. Hapo paka grisi nyeupe ya joto, ambayo pia inazuia chumvi isiingie kati. Boksi la plastiki la chakula lenye mfuniko ni zuri. Toboa tundu la nyaya upande wa chini, waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ili matone yaanguke chini. Kwenye mashua au jahazi fanya vivyo hivyo, na bodi iwe juu, kamwe isiwe karibu na ngama (chini ya chombo maji yanapojikusanya).

Betri

Betri ya risasi ya ampea 7 kwa saa, ikitumika nusu tu, inaipa taa ya ampea 0.5 saa saba. Zima volti zikishuka hadi 11.8 taa ikiwa inawaka. Ukiipeleka chini ya hapo kila usiku, betri haitamaliza mwaka. Paneli ya wati 20 inairudishia kilichotumika kwa siku ya jua la kaskazi, na siku za mawingu haitoshi, hivyo hesabu saa nne badala ya saba. Ukigeuza chanya na hasi, transista, kapasita kubwa na fyuzi vinaweza kwenda pamoja. Paka waya wa chanya rangi nyekundu hata kama una hakika utakumbuka.

Tyubu ikivunjika, toa watu chumbani, fungua madirisha na usubiri robo saa. Kusanya vipande kwa kadibodi ngumu, unga uliobaki uunase kwa tepu ya kunata, usitumie ufagio unaorusha vumbi. Ndani mna zebaki ya miligramu chache. Fungia kila kitu kwenye chupa yenye kifuniko na usitupe ufukweni wala jaa la punda wanakokula. Tyubu nzima zilizokufa zifungwe kwa gazeti na kuwekwa pamoja mahali pasipofikiwa na watoto, mpaka ipatikane njia ya kuzipeleka kwa wanaopokea taka za umeme.